Nesi Aliyeingia kwa Lango la Mbele

Jina la baba mkwe wangu silitamki, wala sitalitamka hapa. Tangu nilipoletwa katika boma hili, shuka mabegani na kitambaa kimeshushwa mpaka kwenye nyusi, jina hilo nimelipiga marufuku kinywani mwangu. Mbele yake namwita tata, yaani baba. Nyuma yake namwita Bhele, jina la ukoo wao, kama wanavyomwita wote. Jina langu la kuzaliwa nalo liliachwa kwetu siku ile ile. Hapa mimi ni Nosakhele, jina nililopewa na mawifi asubuhi ya kwanza, na hakuna aliyeniuliza kama nalipenda.

Heshima yetu ina mipaka yake. Simtazami Bhele usoni. Siketi upande wa kulia wa msonge, ule wa wanaume. Zizi la ng'ombe silikaribii, na uwanja ulio kati ya zizi na nyumba kubwa siukanyagi. Nikitaka kwenda langoni nazunguka nyuma ya nyumba zote, mvua inyeshe isinyeshe. Sijawahi kulalamika. Lakini hakuna mila iliyonikataza kuchungulia, na jikoni kwangu kuna dirisha linalotazama zizi moja kwa moja. Aliyelitoboa pale alinijua kabla sijazaliwa.

Kazi yangu iko Gcuwa mjini, kwenye nyumba ya kulelea wazee. Nawaogesha, nawageuza wasipate vidonda vya mgongo, nawakata kucha, nawasikiliza wakirudia habari zile zile. Wazee wa watu nimewaona walivyoumbwa, hakuna tena cha kunishtua. Sare yangu nyeupe naiacha huko huko kabatini, nafunga kitambaa changu, narudi nyumbani kuwa mkwe. Ndivyo nilivyokuwa mjuzi wa wazee wa wenzangu, na wa kwangu nikimjua kwa kisogo.

Mambo yalianzia kwenye chai. Bhele na chai ni ndugu, na kikombe chake cha bati hakirudi jikoni kikiwa na tone. Wiki ile, baridi ya Juni ilipokuwa imetukaba koo, kikombe kilianza kurudi nusu. Nikajiuliza, nimekosea nini? Nikaongeza sukari. Kikarudi kimejaa. Hapo nikakaa dirishani.

Nikamwona anatoka, fimbo mkononi, anakwenda nyuma ya zizi ambako wanaume huenda haja ndogo. Akasimama. Mkono mmoja ameshika gogo la zizi, kichwa ameinamisha. Akasimama mpaka viazi vyangu vikaanza kuungua. Akarudi taratibu, akaketi, na kabla sijamaliza kukwangua sufuria nikamwona anainuka tena kwenda kule kule. Nikatazama vizuri zaidi. Mshipi ameuacha wazi. Mzee mwembamba, mashavu yameingia ndani, lakini fulana imejaa chini ya kitovu utadhani amemeza tikiti.

Halafu kuna ndoo. Ndoo yake ya usiku naimwaga mimi asubuhi, imefunikwa kitambaa, imewekwa nje ya mlango wake. Kwa miaka yote ile hilo ndilo lililokuwa jambo la karibu kabisa kati yetu. Siku hizo ilikuwa nyepesi. Nilipofunua, kulikuwa na matone tu chini, meusi kama majani ya chai, na harufu kali. Kwa wazee wangu wa Gcuwa ningeuliza papo hapo: tata, mkojo unatoka? Kwa huyu, kulitamka neno hilo mbele yake ni sawa na kumvua nguo hadharani. Angekufa kwa aibu kabla ya kufa kwa ugonjwa.

Siku iliyofuata akili zikamruka. Asubuhi alikuwa mlangoni akiwaita maksai waliouzwa zamani, mmoja mmoja kwa majina yao, akiwakemea wasiingie kwenye mahindi. Mchana akawa anamsogezea kiti marehemu kaka yake. Shangazi Notozamile, dada yake Bhele, akaitwa kutoka ng'ambo ya mto, akaja na kiko chake kirefu na blanketi lake. Ni mwanamke ambaye hata mbwa humpisha njia. Akamtazama kaka yake, akavuta kiko, akatema mate pembeni.

"Wa kwao wanamwita," akasema. "Kaka yetu amekuja kumchukua. Mnangoja nini? Jumamosi tunapika pombe, tunaongea na wazee, na yeye anywe mpaka atosheke. Anaondoka na kiu, ndiyo maana hawamwachi."

Mimi nilikuwa nimepiga magoti karibu na mlango, upande wa wanawake, macho chini. "Shangazi," nikasema, "labda tumpeleke hospitali kwanza..."

"Makoti," akasema, kama wanavyomwita bibi harusi hapa, "ulikuja hapa kupika au kutabiri?"

"Kupika, shangazi."

"Basi mtama uko ghalani."

Nikaenda ghalani nina hasira. Si kwamba nazidharau pombe za wazee, na wa kwetu marehemu tunawapa haki yao. Lakini niliijua sura ile. Mzee ambaye jana alikuwa timamu na leo anaongea na maksai, mara nyingi ana kitu mwilini, na cha huyu nilikuwa nimekiona kwenye ndoo. Mkojo umeziba, umeoza ndani, sumu imepanda kichwani. Na Jumamosi wangemnywesha pombe pipa zima, iingie pasipo na pa kutokea. Wangemuua kwa mapenzi yao.

Nikampigia mume wangu Lwandile, yuko Cape Town bandarini.

"Muulize baba yako kama anakojoa," nikamwambia.

"Nani amuulize?"

"Wewe. Mwanawe."

"Nosakhele, umelewa? Mimi nimpigie baba simu nimuulize habari za... Hapana. Nikuulize, wewe umejuaje?"

"Nimeona."

"Umeona nini?"

"Ndoo, Lwandile! Ndoo! Usinitie wazimu."

Akaahidi kwamba atafikiri. Wanaume wa ukoo ule wakisema watafikiri, ujue wamekimbia.

Aliyebaki alikuwa mzee Jongilizwe. Huyu na Bhele walitiwa jandoni pamoja, wakalala kibanda kimoja, wakaonana katika maumivu yale, na wanaume wa jando moja hawana siri wala haya kati yao. Wanaulizana mambo ambayo hata mke haulizi. Shida ni kwamba mtu wa rika la baba mkwe naye ni baba mkwe, na mimi siwezi kumkabili kwa maneno kama hayo. Kwa hiyo nilikwenda kwa mkewe, MaTolo, nikajifanya naazima ungo. Tukaketi. Nikamsimulia kwa kirefu habari za mzee mmoja wa kule kazini kwangu, maskini, tumbo linamjaa, haja hapati, akili zimemruka, wenyewe wanataka kumpa pombe.

MaTolo akanisikiliza huku anapepeta maharagwe. "Na huyo mzee wa kazini kwako," akasema, "anavaa fulana ya kijani yenye tundu begani?"

"Nadhani, mama."

"Nenda na ungo wako. Nitamwambia mzee."

Sasa, kuna jambo moja nililolisahau. Migodi ilimfanya Jongilizwe kiziwi, na kiziwi hupiga kelele akidhani ananong'ona. Alikuja asubuhi, akamkuta Bhele kwenye benchi la nje, shangazi yuko mlangoni anapepeta mtama, mimi jikoni. Akaketi karibu, akamwegemea rafiki yake sikioni kwa siri kabisa.

"BHELE! UNAKOJOA?"

Kuku walitawanyika. Ungo ulimponyoka shangazi. Mimi nilijishika mdomo kwa mikono yote miwili, sijui kama ni kwa kucheka au kwa woga.

Bhele akainua fimbo. Kwa dakika ile akili zilimrudi zote. "Mpumbavu wewe! Unanitukana nyumbani kwangu?"

"SIKUTUKANI! NAULIZA! TULILALA JIVU MOJA MIMI NA WEWE, NILIKUFUNGA KIDONDA KWA MKONO HUU, LEO UNANIONEA HAYA? MKOJO UNATOKA AU HAUTOKI?"

Fimbo ikabaki juu. Kisha ikashuka polepole. Bhele akainama, na nikamsikia akisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Hautoki, ndugu yangu. Siku ya ngapi hii. Unaniua."

Nililia, sisemi uongo. Niliegemea ukuta wa jikoni nikalia kwa mtu ambaye alikuwa amesimama kule zizini siku zote zile akiumia peke yake, nami namtazama kwenye kioo cha dirisha.

Shangazi hakuokota ungo wake. Alimtazama kaka yake, akatazama jikoni, akatazama tena kaka yake. "Gari la mwenye duka liko wapi?" akauliza. "Mnasimama tu? Mtafuteni!"

Tulimpakia nyuma ya pikapu kwenye godoro, Jongilizwe amemshika kichwa. Mimi nilipanda mbele na shangazi. Hospitalini aliitwa muuguzi mwanaume, bwana mmoja wa makamo mwenye mikono mipana, wakaingia naye nyuma ya pazia. Sisi wanawake tukabaki kwenye benchi la korido, ingawa pazia halikuwa na maana yoyote, maana Jongilizwe alikuwa ndani akitusimulia sisi na korido nzima.

"WAMEPITISHA MPIRA! AH! MKOJO UNATOKA! BHELE, UNATOKA! MFUKO UMEJAA! LETENI MWINGINE! AH, NDUGU YANGU, ULIKUWA UMEBEBA MTO MZIMA!"

Shangazi alijifunika uso kwa blanketi, akatikisika kwa kicheko mpaka machozi. Daktari alikuja kutueleza kwamba tezi dume imevimba na kuibana njia, mkojo ukarudi nyuma na kuleta maambukizi, na kwamba kwa mzee maambukizi huonekana kichwani kabla ya penginepo. Angelazwa, apewe dawa. Foleni ya upasuaji ni ndefu, kwa hiyo angerudi nyumbani na mpira wake mpaka aitwe.

"Pombe?" shangazi akauliza.

"Maji, mama. Maji mengi."

"Hata wa kwao wataridhika na maji?"

"Hao sijawapima," daktari akasema, na shangazi akampenda tangu siku hiyo.

Bhele alirudi na akili zake zote, na mfuko umefungwa mguuni chini ya suruali. Maksai hakuwaita tena. Chai alikunywa. Ungedhani shida imekwisha. Lakini mpira ule ni mlango ulioachwa wazi, na usipooshwa vizuri kila siku pale unapoingia, uchafu unapanda na tunarudi kule kule, safari hii pengine bila kurudi. Kazi hiyo ilimwangukia Jongilizwe, na Jongilizwe ni mtu wa upendo mkubwa na mikono michafu. Nilimwona kwa macho yangu anatoka kukamua ng'ombe, anajipangusa kwenye koti, anasokota tumbaku, anaingia ndani kumhudumia mwenzake. Sabuni niliyoiweka mlangoni ilikaa vile vile na karatasi yake. Nikamtuma MaTolo amwambie. MaTolo akamwambia. Akajibu kwamba jandoni hawakuwa na sabuni na walipona.

Kisha siku moja mkojo wa mfukoni, waliokuwa wakiumwaga kwenye ndoo ile ile, ukabadilika tena. Ukungu, na ile harufu. Jioni nikamwona Bhele anajikunyata juani na blanketi mbili. Nilisimama dirishani nimekunja ngumi. Kazini kwangu nilikuwa na boksi la glavu, nina sabuni, nina mikono iliyofanya kazi hii mpaka naweza kuifanya nimefumba macho. Na mtu anataka kufa umbali wa hatua chache kwa sababu mimi ni mke wa mwanawe. Nikawa na hasira na mila, na hasira na Lwandile, na hasira na yule mzee mwenyewe, kwa nini aheshimike kiasi kile.

Walikuwa wameketi benchini, yeye na Jongilizwe, wanakunywa chai. Na kwa sababu ya uziwi wa Jongilizwe, Bhele naye alilazimika kupaza sauti.

"Jongilizwe! Huko Gcuwa si kuna nyumba ya wazee?"

"IPO!"

"Nasikia kuna nesi pale. Binti wa Madlomo, wa kule Tsomo. Anaitwa Zukiswa."

Kijiko kilinianguka. Hilo ni jina langu. Hilo ndilo jina nililoliacha kwetu. Bhele alilisikia mara moja tu, siku wazee wake walipokwenda kwa baba yangu kuzungumzia ng'ombe wa mahari, na tangu hapo halikuwahi kutamkwa katika boma hili.

"SIMJUI HUYO!"

"Humjui kwa sababu hujui kitu. Nasikia mkono wake ni mwepesi. Sasa nesi kama huyo, akipita langoni na sare yake, mimi ni nani nimzuie? Nesi si mtu wa ukoo. Nesi ni wa serikali."

"LAKINI ZUKISWA SI NDIYE HUYU MA..."

"Kunywa chai yako."

Kesho yake nilirudi kutoka kazini na sare ndani ya mfuko. Nikaingia kwa MaTolo, nikavua kitambaa, nikavua shuka, nikavaa nyeupe. MaTolo akanifunga vifungo vya nyuma bila kuuliza chochote, akanisukuma nje kama anayenipeleka kuolewa upya. Nikasimama langoni kwa akina Bhele, nikapaza sauti kama mgeni.

"Hodi hapa!"

Mbwa akaja mbio anatikisa mkia, maana mbwa hana siri. Shangazi akatokeza mlangoni, akaniona kichwa wazi, magoti yanaonekana, akafungua mdomo ukabaki wazi.

"Nani huyo?" sauti ya Bhele ikauliza kutoka ndani.

"Nesi Zukiswa, tata. Kutoka Gcuwa."

"Karibu, nesi. Notozamile, mpishe."

Nikavuka uwanja. Nilipita katikati kabisa, mbele ya zizi, mahali ambapo mguu wangu haujawahi kutua. Nikaingia. Nikaketi upande wa kulia. Nikanawa mikono kwa sabuni, nikavaa glavu, nikamtazama usoni.

Sikujua kwamba ana kovu juu ya jicho. Sikujua kwamba macho yake ni ya Lwandile, yale yale, yenye ucheshi pembeni. Nilimtazama bila haya, nimfaidi, kwa sababu nesi anaruhusiwa. Nikamuuliza yote niliyoyakusanya dirishani. Ulianza lini? Uliumia wapi? Kwa nini hukusema? Na kovu hili ni la nini? Akajibu moja moja, kwa utulivu, akitazama paa. Kovu ni la pembe ya ng'ombe. Hakusema kwa sababu hakuwa na wa kumwambia. Nilimsafisha, nikabadilisha mfuko, nikauweka chini ya kiuno, nikapima joto, nikamwambia kesho lazima aonwe na daktari apewe dawa tena. Akasema sawa. Hakuona aibu hata kidogo, wala mimi.

"Nesi," akasema nilipokuwa navua glavu, "humu ndani nina mkwe."

"Nimesikia, tata."

"Jongilizwe hakuja na swali lile kwa akili yake. Jongilizwe hana akili kiasi hicho. Nalijua lilikotoka. Lakini siwezi kumshukuru. Nikimshukuru itakuwa anajua, na akijua hataweza tena kuniletea chai."

"Nimwambie, tata?"

"Aka! Usimwambie kitu. Ataona haya."

"Sitamwambia."

Nikatoka kwa lango la mbele. Kwa MaTolo nikavua sare, nikajifunika, nikarudi nyumbani kwa njia yangu ya nyuma ya nyumba. Nikabandika birika. Nilipompelekea chai nilipiga magoti upande wa kushoto, macho kwenye sakafu, nikamnyooshea kikombe kwa mikono miwili.

"Nosakhele," akasema.

"Tata."

"Leo amepita nesi hapa. Binti mmoja hivi. Waliomzaa yule walizaa, na waliomlea walilea."

"Nitawaambia, tata."

Neno likishatoka halirudi; nesi na mkwe walikuwa wamejibu kwa mdomo mmoja. Nilibaki nimeganda, mikono bado iko juu, sauti yangu mwenyewe inanirudia masikioni. Bhele hakutikisika. Alitazama ukutani, akakohoa, akajipangusa uso kwa pembe ya blanketi.

"Sukari," akasema. "Haitoshi."

Nikaenda kumletea sukari.